Nukta ya Saba

Fortunata, mtoto wa mama mdogo wangu, ni afisa misitu, na mpaka leo hapendi kuulizwa habari za Jerome. Ukimuuliza anasonya. Zamani nilidhani anamsonya Jerome.

Siku ilianza vizuri. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa saba, milima ya Kipatimu imepoa, na akina mama wa kijiji cha Nakindu walikuwa wamewapikia wageni mihogo na chai ya tangawizi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: kuzunguka msitu wa hifadhi wa kijiji, kupima mpaka wake kwa GPS, nukta kwa nukta, kisha kuchora ramani ambayo ingemzuia mkata mbao yeyote kusema hakujua. Fortunata alikuwa ameihangaikia kazi hiyo miaka miwili. Mchoraji wa ramani, Jerome, alikuwa ameletwa na shirika kutoka Dar es Salaam wiki ile ile, na tayari alikuwa anaizungumzia kama shamba la baba yake.

"Mambo, mzee," alimwambia Abilahi.

Abilahi alikuwa na miaka sabini na kitu, mwenyekiti wa kamati ya maliasili ya kijiji. Alimtazama kijana yule kama mtu anavyotazama kuku aliyepanda juu ya meza, halafu akajibu, "Salama." Fortunata aliona aibu mpaka masikioni. Huyu bwana alizaliwa Lindi, alijisemea. Ana digrii mbili, na shikamoo imemshinda.

Walitembea asubuhi nzima. Jerome alimsahihisha Fortunata majina ya miti, akakosea. Alimwita "dada wa miche" mbele ya wanakijiji, akacheka mwenyewe. Fortunata alinyamaza. Alikuwa na namna yake ya kunyamaza, ambayo waliomfahamu waliiogopa kuliko matusi.

Saa sita walifika mahali ambapo msitu ulibadilika. Miti ilikuwa minene zaidi, imesongamana, na chini yake hapakuwa na hata jani moja lililoanguka. Pamefagiliwa.

"Hapa mstari unapinda," alisema Abilahi. "Tunapita upande wa kulia, tunatokea kule kwenye mawe."

"Kwa nini?"

"Pale ni Kwa Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Sisi tunasema hivyo tu. Babu zetu walizunguka, nasi tunazunguka."

Jerome akacheka kwa pua. "Mzee, setilaiti haizunguki. Mnataka mpaka wa kitaalamu au mnataka hadithi?" Akaingia peke yake. Walimsikia akipaza sauti kwa kejeli: "Hodi! Hodi humu! Hodi!"

Kisha hawakumsikia tena. Hata ndege hawakusikika.

Alitoka upande wa pili, walikozungukia kumngoja, baada ya dakika ishirini, anafuta jasho. "Nukta sita, mstari umenyooka," alisema. "Nimepiga hodi mara tatu, huyo Mwenyewe wenu hata kuitika hajui." Kisha akawageukia. "Halafu mlikuwa mnaniitia nini?"

"Hatukukuita," alisema Fortunata.

"Mmeniita. Kwa jina langu."

Abilahi alimvuta Fortunata pembeni. Alinong'ona, macho yakiwa kwenye miti. "Mjukuu wangu, mimi hatanisikia. Mwambie wewe. Arudi leo hii, kabla jua halijazama, asimame hapa pembeni aseme amekosa. Maneno mawili tu. Kesho haitafaa."

"Nitamwambia, babu."

Na alikusudia kumwambia. Lakini garini, kabla hawajafika hata mtoni, Jerome alianza kuigiza sauti ya Abilahi. Kisha akasema katika ripoti atamweka Fortunata kama msaidizi, kwa sababu "wenzetu wa miche hamna utaalamu wa ramani." Fortunata alishika usukani, akatazama mbele. Akamwona jinsi alivyo: mtu mdogo, aliyejaa majivuno ya mashine. Mwache, alijisemea. Yampate, apate adabu.

Jua lilizama wakiwa barabarani. Aliliona likizama.

Kesho yake, saa nne asubuhi, walikuwa wamekaa barazani kwa mama mmoja mpika chapati, Kilwa Masoko. Jerome alihamishia nukta kwenye kompyuta. Akakunja uso.

"Umeshika kifaa changu?"

"Nikifanyie nini?"

Aligeuza kompyuta. Kwa Mwenyewe palikuwa na nukta sita, zimejipanga mstari ulionyooka, zina namba. Katikati yao, kando kidogo ya mstari, ilikuwepo ya saba. Haikuwa na namba. Ilikuwa na jina.

KARIBU.

"Utani wa kijinga," alisema Jerome, akaifuta.

Chai ilikuwa imempoa Fortunata mkononi. Mtu alikuwa amepiga hodi mara tatu, naye ameitikiwa.

Alhamisi walikwenda Pande kupima mikoko. Mchana wakiwa wamepumzika, Jerome alifungua kompyuta, na Fortunata akaona shingo yake inakakamaa. Nukta ilikuwepo. Haikuwa tena msituni. Ilikuwa Njia Nne, pale barabara ya Kipatimu inapokutana na lami.

Aliifuta. Akatoa betri za kifaa. Akazirudisha. Ikaja tena, palepale Njia Nne, kando ya lami, kama mtu anayengoja usafiri.

"Fortu," alisema kwa sauti ndogo. Hakuwahi kumwita hivyo. "Yule mzee alisema nini siku ile?"

Hapo ndipo Fortunata angeweza kuwa mtu mwema. Badala yake alitabasamu. "Alisema uombe radhi. Lakini setilaiti haiombi radhi, si ndiyo?"

Jerome aliinamisha kichwa. Alionekana mdogo kweli sasa, na Fortunata alishangaa kuona kwamba hilo halikumfurahisha.

Ijumaa asubuhi nukta ilikuwa Nangurukuru, njia panda ya kuingia Kilwa Masoko.

"Neno lile," alinong'ona Jerome. Hakuwa amelala. "Nilidhani linanikaribisha. Siyo. Linanieleza Mwenyewe yuko wapi."

"Funga mkanda," alisema Fortunata. "Tunarudi Nakindu."

Hakukuwa na njia nyingine ya kwenda isipokuwa kupitia Nangurukuru. Jerome alikaa kiti cha abiria, kifaa mapajani. Jua lilikuwa kali. Watu walikuwa wanauza korosho na maji, mabasi yanapiga honi. Hakuna kitu cha ajabu barabarani. Hakuna kabisa.

"Mita mia mbili," alisema Jerome. "Hamsini. Fortu, usisimame. Usisimame."

Hakusimama.

"Kumi."

Gari likapita mahali penyewe.

"Imefutika," alisema. "Imejifuta yenyewe." Akacheka, mara moja tu. Baada ya hapo hakusema kitu. Njia nzima ya vumbi, mashimo na makorongo, hakusema kitu. Fortunata alimtupia jicho mara mbili. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, anatazama milima. Hakupepesa macho.

Abilahi alikuwa amesimama kando ya msitu, kana kwamba amewasikia tangu mbali. Fortunata aliegesha gari, akamwambia Jerome asubiri, akaenda kwa mzee.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ulimwambia siku ile?"

Angeweza kudanganya. "Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Nilimdharau."

Mzee aliguna. "Yeye kawadharau wasioonekana, wewe ukamdharau anayeonekana. Mmefanana." Akaonyesha kwa kidevu. Kwa Mwenyewe, chini ya miti ile, mbuzi walikuwa wanakula. Ndege wanapiga kelele. Majani yalikuwa yameanguka kila mahali. "Jana nimeamka nikakuta hivi. Mwenye nyumba katoka. Utamwomba nani radhi?"

"Kaenda wapi?"

Abilahi alikuwa anatazama nyuma ya Fortunata.

Mlango wa gari ulifunguka.

Jerome alikuja kwa mwendo wa polepole, mgongo umeinama, mkono mmoja umetangulia mbele kana kwamba umeshika fimbo. Hakumtazama Fortunata. Alifika mbele ya mzee, akasimama. Akangoja.

Abilahi alivua kofia yake. Akashuka, goti moja, la pili, mpaka vumbini.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," ilijibu sauti. Haikuwa sauti ya Jerome. Ilikuwa ya zamani, imekauka, na haikuwa na hasira yoyote.

Akawapita. Akaingia chini ya miti. Mbuzi walitoka mbio, wote kwa pamoja, bila kulia. Ndege wakanyamaza.

Walimtafuta siku tisa, kijiji kizima na polisi. Hapana nyayo, hapana nguo. Fortunata aliandikisha maelezo kurasa nne, na habari ya Jumanne ile garini hakuiandika. Ramani aliichora mwenyewe. Mstari wake unapinda.

Lakini kuna jambo ambalo hakumwambia yeyote, nami aliniambia siku moja tu, usiku wa msiba wa mama yake, akiwa amechoka kulia.

Mchana ule ule, Abilahi akiwa bado amepiga magoti, Fortunata alirudi garini kuchukua simu aite msaada. Mlango wa abiria ulikuwa wazi. Kiti kilikuwa kitupu.

Mkanda ulikuwa bado umefungwa.

Haukuwa umelala kitini kama mkanda usio na mtu. Ulikuwa umevutwa mbele, umekaza, kwa unene wa kifua. Na ulikuwa unapanda na kushuka, taratibu, taratibu, kama wa mtu anayejaribu sana asisikike akipumua.