Sahihi ya Mheshimiwa

Posta ya Eldoret siku ya Jumatatu haina adabu. Rael alikuwa amependeza kwa sketi ya kijani na sweta nyeupe aliyojifumia, lakini foleni haikujali hayo. Alisukumwa, bahasha zake zikamwagika sakafuni. Kijana wa jaketi ya jinzi, vidole vikinuka grisi, akainama kumsaidia. Mara akasimama ameshika bahasha moja yenye jina lake.

"Hii ni yangu," alisema.

"Kila mtu akijichukulia barua hapa, posta si itafungwa? Kitambulisho kiko wapi?"

Akakitoa huku akicheka. Kinuthia, muuza vipuri vya mashine za kusaga mahindi, mkazi wa Munyaka. Rael, karani wa mbunge wa kule, alilijua jina hilo kabla ya kuiona sura.

Kila mtu na ugonjwa wake. Wa Kinuthia ulikuwa kukusanya barua za viongozi zilizotiwa sahihi kwa mkono. Hakuwaomba kazi wala basari. Aliwauliza wote swali moja: ulimpoteza nani, na uliishije baadaye? Wengi walimtumia shukrani na picha ya kampeni.

Hii, iliyotoka kwa Mheshimiwa mbunge, aliifungua papo hapo. Mheshimiwa alieleza kwamba baba yake alipofariki, alivaa gambuti za marehemu kwenda kukamua ng'ombe, akajaza maganda ya mahindi ndani zisimtoke, na akakataa katakata kununuliwa nyingine. Kinuthia alikuwa amemzika baba yake juzijuzi. Akalia mbele ya watu wote, na Rael akampa leso.

Shida ni kwamba gambuti hizo zilikuwa za baba yake Rael, kule Moi's Bridge. Mheshimiwa alikuwa amemwambia tu, kama kawaida yake, "Huyu mjibu wewe, uniwekee sahihi."

Leso ilihitaji kurudishwa, na kurudisha leso kukaleta chai, na chai ikaleta simu zisizoisha. Kinuthia alimwita mrembo wa posta. Aliisifu ile barua mpaka Rael akajionea wivu mwenyewe. Kila jioni aliapa kumwambia ukweli, na kila jioni akanyamaza. Mtu aliyeanza kupendwa hana haraka ya kuitwa mwongo, nami simlaumu sana.

Kisha maktaba ikakubali kuonyesha barua za Kinuthia, mgeni rasmi akiwa Mheshimiwa. Kinuthia alipanga kuisoma ile barua kwa sauti, kisha ampe Mheshimiwa pole mbele ya watu. Rael ndiye aliyepanga viti: kimoja cha Mheshimiwa, cha pili cha baba yake mzazi, mzee mzima asiyeumwa hata jino. Akapiga simu.

"Kinuthia, usiisome hiyo barua."

"Na vile ndiyo tamu kuliko zote, dear?"

"Baba ya Mheshimiwa ako hai, atakuwa amekaa hapo mbele. Barua niliandika mimi. Hata sahihi ni mimi niliweka. Baba aliyekufa ni wangu."

"Kwa hivyo siku ile uliniangalia nikilia, na unajua. Ulikuwa unanicheka?"

"Hapana. Ulikuwa unalilia baba yangu na hukumjua. Hapo ndio nilikupenda."

Kinuthia akakata simu, na hakupiga tena.

Siku ya maonyesho Rael aliketi nyuma kabisa. Kinuthia, ndani ya suti ya kijivu, alisoma barua ya waziri mmoja mstaafu, akapigiwa makofi, akashuka bila kumtazama. Watu walipoenda kunywa chai, Rael alipita ukutani akiitafuta barua yake. Haikuwepo. Aligeuka, akamkuta Kinuthia amesimama karibu.

"Uliitupa?" Rael aliuliza.

"Nilitaka. Nilikasirika sana, Rael. Hata hizi zingine sasa sijui nani aliandika. Halafu nikaisoma tena, na bado nikalia." Akashusha sauti. "Iko nyumbani. Hapa ni za viongozi. Barua ya mpenzi wangu siwezi kuiweka kwa ukuta watu wasome."

Machozi yalimlengalenga Rael. Alimkumbusha kwamba sahihi iliyo pale bado si jina lake.

"Basi jina lako utaweka kwa cheti cha ndoa. Kama unataka."

"Nataka," alisema Rael. "Lakini kwanza twende nyumbani ukamsalimie mama. Baba ulishamlilia."