Midomo Iliyozidi Maneno

Mstari wa maneno uliisha, sauti ikanyamaza, lakini midomo ya yule mwigizaji kwenye skrini iliendelea kwenda, polepole, kana kwamba inamnong'oneza mtu.

"Rudisha," Kamalaveni alisema.

Alikuwa ametimiza miaka ishirini na sita katika vyumba hivi visivyo na dirisha vya Kodambakkam, mtaa wa studio za filamu, akiwasemea waigizaji, mabinti wazuri wasiojua Kitamil. Jiji zima la Chennai, huko India, liliijua sauti yake. Sura yake hata mlinzi wa getini alikuwa akiisahau. Sauti hiyo ndiyo iliyomlisha na kuwasomesha wanawe, na hakuwa na kingine cha kujivunia.

Ilango, fundi sauti, alirudisha. Midomo ikazidi tena.

Nyuma yao aliketi Margriet, mgeni kutoka Uholanzi, aliyekuja kuandika kitabu juu ya filamu za Kitamil. Tangu asubuhi kazi yake ilikuwa kushangaa. "Sasa siku ya kupiga picha huyu binti alikuwa anasema nini?" aliuliza kwa Kitamil chake cha kuokoteza.

"Anahesabu," Ilango akacheka. "Moja, mbili, tatu, nne. Akigomba, anahesabu kwa ukali. Akipenda, anahesabu huku kalegea. Maneno atayatia dada hapa."

"Basi kinywa chake hakikuwa na mwenyewe."

Wageni nao kwa kuropoka! Kicheko kilimkauka Ilango. "Dada," alisema kwa sauti ya chini, "onyesho hili tulilipiga kule kwenye jumba bovu la Karaikudi. Mwongozaji alitukataza kuvunja boga la kufukuza husuda na pepo kabla ya kuanza. Eti ushamba."

"Na wewe ukamsikiliza?"

"Ningefanyaje? Kasoma ng'ambo."

Hapo ndipo harufu ilipoingia, ya asumini iliyooza na nywele zilizoungua, ingawa mlango ulikuwa umefungwa.

"Mbona hapepesi macho?" Margriet alinong'ona. "Na hatazami kamera. Anakutazama wewe, mama."

Kamalaveni akaisoma midomo, maana kusoma midomo ndiyo kazi yake. *Nipo hapa. Nitakaa.* Koo likaanza kumwasha, ulimi ukajikunja wenyewe kutaka kuyatamka, na akaelewa kwamba kile kitu kilikuwa kimepata kinywa kitupu lakini hakina sauti, kwamba kimesubiri wiki zote hizi mpaka kiletwe mbele yake yeye, na kwamba akiyasema maneno yale mara moja tu kitahamia kooni mwake na yeye ndiye atakayebaki hana pa kusemea.

"Zima, Ilango."

"Nimezima, dada. Haizimiki. Tukimbie kwa kuhani, tukalete ndimu za kukifukuzia..."

"Kimbia wewe."

Hasira ilikuwa imempanda, na hasira ya mwanamke aliyepuuzwa miaka ishirini na sita si ya kuchezea. "Nimewapa sauti watu ambao hata hawanisalimu," aliiambia skrini. "Nawe usiyealikwa unataka mpaka koo? Thubutu! Ilango, nirekodi."

"Dada, utakufa!"

"Rekodi, nimesema!"

Kila msemeaji anajua kwamba midomo haitoboi siri zote. Herufi nyingi hutengenezwa nyuma ya meno, kamera isikofika, na huko mwenye amri ni ulimi. Kamalaveni alikisogelea kipaza sauti, na midomo ilipofunguka kusema *Nipo hapa*, yeye akatia, sawasawa, bila kupitwa hata kidogo:

"Sipo hapa."

*Nitakaa.*

"Sitakaa."

Taa zikafifia, midomo ikaanza kwenda mbio, ikirudia na kurudia, ikijaribu kumtoroka, naye akaifuata kwa neno lake huku ladha ya damu ikimjaa kinywani, sipo hapa, sitakaa, sipo hapa, sitakaa, mpaka ile sura ikakunjamana, ikamtazama kwa chuki ambayo hakuwahi kuiona kwa binadamu, na midomo ikafungwa kwa kishindo kilichosikika chumbani.

Harufu ikatoweka. Ilango alikuwa analia waziwazi.

"Umeirekodi?" Kamalaveni aliuliza. Sauti ilikuwa yake, nzima.

Mwongozaji alipoiona, alisema ni ubunifu mkubwa. Basi mpaka leo, kwenye majumba ya sinema, binti yule husimama ameubana mdomo na huku anasikika akisema, "Sipo hapa. Sitakaa." Watazamaji husimama juu ya viti na kupiga miluzi. Kamalaveni huenda kuitazama mara kwa mara, na hapo yeye hupiga mluzi kuwashinda wote.