Sijaridhika

Kiti cha pembeni kilikuwa cha moto, na hakuna aliyekuwa amekikalia.

Fundi cherehani alikigusa akitaka kuweka mkoba, akarudisha mkono haraka. Chumba kizima kilinuka kitambaa kilichoungua, harufu ileile ya duka lao la kushona siku mumewe alipotolewa humo akiwa maiti.

"Asiye na dai atoke nje," alisema msuluhishi, mama wa makamo mwenye miwani, kama anavyofungua kila kikao. "Haya, mwanangu. Kampuni ya bima inasema marehemu aliwasha moto mwenyewe. Ukikubali, sema 'nimeridhika', nifunge. Ila neno hilo likishatoka, harudi mtu hapa."

"Watoto wangu waitwe watoto wa mchoma duka? Siridhiki ng'o!"

Wakili wa kampuni akatabasamu. "Mama, wote huingia hapa wakali. Wote hutoka wameridhika."

Kile kiti cha pembeni kikatoa mlio, kama kimekaliwa na mtu mzito.

"Mke wangu," ikaja sauti, ya mumewe kabisa, mpaka na ule mkwaruzo wa kooni, na harufu ikazidi kukaba, na ukutani kivuli kisicho na mwenyewe kikasimama, kikarefuka hadi darini, kikamwinamia fundi shingoni mpaka akahisi pumzi ya moto ikipita katikati ya nywele zake: "Mke wangu, nimechoka huku. Sema umeridhika, nipumzike."

"Huwajia wadai hivyo," msuluhishi alinong'ona. "Kila mtu na sauti ya marehemu wake. Nikadhani ni masikio yangu."

Wakili alikuwa amepandisha miguu juu ya kiti chake.

Machozi yalimjaa fundi. Neno lilishafika kwenye ulimi. Kisha akakunja uso.

"Umeniitaje?"

"Mke wangu..."

Akacheka kicheko kikavu. "Mume wangu hakuwahi kuniita hivyo tangu anioe. Aliniita Kichwangumu. Hata siku ya posa, mbele ya wajomba zangu, alisema amemfuata Kichwangumu. Jini zima, hata kuulizia umeshindwa!"

Kivuli kikasinyaa kidogo.

"Mama," fundi alimgeukia msuluhishi, "ile kauli yako ya kufungulia kikao. Irudie."

"Asiye na dai... atoke nje."

"Unambembeleza? Kwa sauti!"

"Asiye na dai atoke nje!"

Mlango ukafunguka wenyewe, ukajibamiza. Harufu ikakatika. Wakaanza kuvuta pumzi.

Ndipo huko nje, kwenye korido, sauti ya fundi mwenyewe ikasema taratibu: "Nimeridhika."

Wakili akaruka. "Amesema! Nimemsikia kwa masikio yangu!"

"Basi mfuate huyo wa nje mkayamalize," alisema fundi. "Mimi niko hapa, na sijaridhika. Mama, tuanze upya."

Akakivuta kile kiti cha pembeni, bado cha moto, akakikalia.