Uso wa Dereva

Jumamosi ile stesheni ya Carlisle ilikuwa haina pa kuweka mguu. Mashabiki wa mpira walikuwa wakiimba mlangoni, wazee wanaburuta masanduku, watoto wanalilia aiskrimu, na katikati ya vurugu hiyo Rowena Mossop alikuwa akitafuta mahali pa kuvua viatu. Alikuwa anakwenda harusi ya binamu yake. Alivaa gauni la njano lililomkaa sawasawa, kofia pana ya rangi hiyo hiyo, na viatu vya kisigino kirefu vilivyokuwa vimemtesa tangu alipotoka nyumbani. Akatembea mpaka mwisho kabisa wa jukwaa, kusiko na watu, akavivua, akavishika mkononi na kushusha pumzi.

"Samahani dada," sauti ikasema nyuma yake. "Kofia yako imeingia kwenye picha yangu."

Akageuka. Mwanamume mrefu, mwembamba, jaketi la kijani lenye mifuko kila mahali, kamera kubwa shingoni. Uso ulikuwa wa kupendeza, nywele zilikuwa za kusikitisha.

"Basi hamisha picha," Rowena akamjibu. "Mimi miguu inaniuma."

Yule bwana akacheka, akajitambulisha. Aliitwa Wilf Pickthall, fundi wa mashine za kufulia nguo, na treni aliyokuwa akiisubiri haikuwa ya abiria. Akamweleza kwa hamu kama mtu anayemsimulia mchumba wake. Ilikuwa treni ya mizigo kutoka Uskochi, inabeba fueli ya nyuklia iliyokwisha kazi, inaipeleka kiwanda cha Sellafield ndani ya makasha ya chuma mazito ajabu. Injini mbili nzito kwa behewa moja au mawili tu. Wengine wakisikia nyuklia wanakimbia, yeye anakimbilia huko huko na kamera.

Rowena akamsikiliza macho yamemtoka kwa mshangao wa kujitia. Akauliza kama makasha yale yanawaka usiku. Akauliza kama dereva haogopi.

"Dereva simjui," Wilf akasema. "Picha nikiiweka mtandaoni, uso wa dereva naufifisha usitambulike. Sisi wapiga picha ndio ustaarabu wetu. Mtu yuko kazini kwake, hakuniomba nimtangaze."

Jibu hilo lilimpendeza Rowena kuliko alivyotaka limpendeze. Treni ikapita kwa kishindo, dereva akapiga honi na kupunga mkono kwa furaha, na Wilf akampungia naye, akidhani salamu ni zake. Kabla ya kuagana akaomba namba ya simu, eti amtumie picha, maana ukingo wa kofia ulikuwa umeingia hata hivyo.

Alhamisi iliyofuata Wilf alisimama kwenye daraja nje ya mji, akaisubiri treni ile ile, akaivuta karibu kwa lenzi, na dirishani akamwona bibi wa kofia ya njano. Safari hii alikuwa amevaa fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa, mkono mmoja kwenye mitambo, mwingine unamtingishia kidole. Wilf akasahau kubonyeza. Jioni akampigia.

"Kumbe wewe ndiye dereva."

"Hukuniuliza."

"Umeniacha nikufundishe kazi yako mwenyewe?"

"Ulikuwa unafundisha vizuri, mwalimu. Ningekukatizaje?"

Mapenzi yao yakaanzia hapo, kwa kucheka. Walikula samaki na chipsi kwenye ukuta wa bandari ya Whitehaven huku shakwe wakiwavizia. Walipigiana simu kila jioni, hata siku ambazo hapakuwa na la kusema, wakaishia kuulizana umekula nini. Wilf alimwita malkia wa makasha, na Rowena akamwita bwana madaraja, maana wiki haikupita bila kumkuta kwenye daraja fulani la pwani, ananyeshewa. Rowena alikuwa na miaka thelathini na sita na hajazoea kusubiriwa na mtu. Alianza kazi ya reli kwa kufagia mabehewa. Mtihani wa udereva alianguka mara ya kwanza, akaufaulu ya pili, na siku alipokabidhiwa treni peke yake alilia mpaka akaona haya. Kazi ile ndiyo aliyoitaka tangu utoto wake, na aliipenda waziwazi.

Ikaja Jumanne moja ya Septemba. Jino lilikuwa limemwamsha Rowena alfajiri, shavu limemvimba kama ameficha yai. Alikuwa na miadi na daktari wa meno jioni, akaona siku moja haiwezi kumshinda. Akachukua kifuko cheusi cha jeli, kile cha kugandisha kwenye friji, akaenda nacho kazini, na njiani kila maumivu yalipozidi alikuwa akikibandika shavuni kidogo kisha anakiweka chini. Treni ilipofika Harrington, bahari upande mmoja na nyumba upande mwingine, alimwona Wilf juu ya daraja. Pamoja na uvimbe wake, akatabasamu.

Picha aliyoipiga Wilf pale ilikuwa bora kuliko zote za maisha yake. Jua liliipiga injini ubavuni, makasha yamefuata nyuma meupe, bahari inameta, na dirishani uso wa Rowena unatabasamu. Usiku ule akaiweka mtandaoni bila kuufifisha uso. Chini yake akaandika: Treni ya makasha, Harrington, na dereva bora kuliko wote.

Asubuhi wapiga picha wenzake walikuwa wameshaimwagia sifa. Kisha mmoja akauliza: hivi dereva si yuko kwenye simu? Mwingine akaikuza picha. Kweli, mkono sikioni, kitu cheusi, bapa. Kufika saa sita watu wasiojua hata Harrington iko wapi walikuwa wanataka dereva huyo afukuzwe, wakiuliza inakuwaje mtu anabeba nyuklia huku anapiga soga.

Katika kazi ile, dereva akishikwa na simu sikioni huku treni inatembea, hana kazi. Bwana Hesketh, mkubwa wake, hakuwa mtu mbaya. Alimwita Rowena, akamsikiliza habari za jino, akalitazama shavu, akasema anamwamini lakini imani yake si ushahidi. Rowena akatoa simu yake ikaguliwe. Akajibiwa kwa upole kwamba mtu anaweza kuwa na simu mbili. Akasimamishwa kazi, na kikao cha kuamua hatima yake kikapangwa Ijumaa.

Wilf alipopiga simu jioni ile, Rowena alipokea kwa sababu moja tu.

"Uliniambia nyuso za madereva mnazififisha."

"Rowena, mpenzi, nisikilize—"

"Miaka yote umefifisha nyuso za watu usiowajua. Wangu ndio umeutundika sokoni."

"Nimeshaiondoa. Sikuona mkono wako, nakuapia. Niliona uso tu."

"Uliona sifa. Umesifiwa, umefurahi? Nilifagia mabehewa miaka mingapi, Wilf, hadi nikafika pale? Na umenishusha kwa picha moja. Ijumaa wanakaa kikao cha kunifukuza, kwa sababu ya kifuko cha jino. Usinipigie tena. Usinikaribie."

Akakata simu, akaizima kabisa. Kesho yake jino lilikuwa limeshang'olewa, shavu limepungua, lakini alikaa kitandani na nguo za nyumbani akitazama fulana ya chungwa iliyotundikwa mlangoni. Alimkasirikia Wilf, halafu akajikasirikia mwenyewe, kwa sababu ilipofika jioni masikio yake yalikuwa bado yanasubiri simu iliyozimwa. Alimhitaji, na hilo lilimuuma kuliko pengo la jino.

Ijumaa akavaa gauni la bluu iliyokoza, akabana nywele, akapaka rangi ya mdomo. Kwenye mapokezi ya ofisi alimkuta bibi mmoja wa umri wa kustaafu, koti la mvua la zambarau, mwavuli, na bahasha ya kaki mapajani. Bibi akamkazia macho.

"Wewe ndiye mwenye jino," akasema. "Kaa hapa, mwanangu. Naitwa Enid Casson. Nilikuwa mkunga, sasa napiga picha za treni. Hawa watu wataniingiza na wewe, wapende wasipende."

Waliingia pamoja. Bi Enid hakusubiri kukaribishwa kiti. Akapanga picha tatu mezani kwa Bwana Hesketh, moja baada ya nyingine, na kueleza kwamba Jumanne ile alikuwa Harrington vilevile, chini, ng'ambo ya njia, na kamera yake ya filamu, maana hizo za kompyuta haziamini, na mtandao hautumii. Katika picha ya kwanza Rowena alikuwa ameshika kitu cheusi shavuni. Katika ya pili mkono ulikuwa unashuka. Katika ya tatu kile kitu kilikuwa kimening'inia vidoleni mwake, kimekunjika katikati, kimelegea kama soksi iliyolowa.

Bwana Hesketh akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Simu haikunjiki hivi," akasema mwishowe.

Akampa Rowena mkono. Akamtaka radhi kwa niaba ya ofisi, akamshauri siku nyingine mwenye jino abaki nyumbani, akamwambia Jumatatu treni yake inamsubiri. Rowena alitaka kujibu kistaarabu, badala yake akalia, na Bi Enid akamtolea kitambaa kana kwamba alikuja nacho kwa kazi hiyo.

Huko nje kwenye ukumbi akamkumbatia yule bibi kwa nguvu. Akamshukuru, akamshukuru tena, akauliza amejuaje habari zake na hata mtandao hatumii.

"Mimi nisingejua kitu," Bi Enid akasema. "Ni yule mrefu wako, mwenye nywele za kuhuzunisha. Kwenye picha yake, pembeni kabisa, ameona kipande cha koti la zambarau. Basi ametembea Harrington nzima anabisha hodi, nyumba kwa nyumba, anauliza nani ana koti la zambarau. Watu wamemfukuza na mbwa. Kwangu kafika amelowa chapachapa, hata chai hakunywa. Filamu yenyewe ilikuwa bado kwenye kamera. Kaibeba hadi Lancaster kwa anayesafisha, akakaa mlangoni mpaka ikaisha, jana usiku akaniletea."

"Mbona hakuja mwenyewe?"

"Nilimwambia aje. Akasema umemkataza kukukaribia, na safari hii atafanya ulivyomwambia."

Rowena akatoka mpaka ngazi za nje. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha, barabara imejaa mabasi na magari ya mizigo. Akaiwasha simu yake, akapiga. Haikulia hata mara mbili.

"Haloo?" Sauti ya Wilf ilikuwa ndogo.

"Uko wapi?"

"Ng'ambo ya barabara. Kwenye kituo cha basi. Sijakukaribia."

Basi likapita, na Rowena akamwona, jaketi la kijani, maji yakimchuruzika usoni, simu ameikumbatia kwa mikono miwili.

"Wamenirudisha kazini, Wilf."

Alimwona akijifunika macho kwa kiganja, mabega yanatikisika.

"Niambie kitu kimoja," Rowena akasema. "Kwa nini hukuufifisha?"

"Nilijaribu. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Kila nilipotaka kuufuta, niliona nitakuwa nadanganya watu, kwamba nilikwenda pale kupiga picha ya treni." Akavuta pumzi. "Nilipaswa kukuuliza kwanza. Uso ni wako, si wangu. Nisamehe, Rowena."

"Nimekusamehe. Nilisema umenishusha. Umenipandisha tena, na sijui kama kuna mtu amewahi kunihangaikia namna hiyo. Asante. Nakushukuru kwa moyo wangu wote, bwana madaraja."

Gari la mizigo likasimama katikati yao, likawaficha. Lilipoondoka Rowena alikuwa ameisogeza simu sikioni kwa madaha, kama anayepozi.

"Unaniona? Sasa ndiyo niko kwenye simu kweli. Piga picha."

"Kamera nimeiacha nyumbani. Sina hamu nayo tangu Jumatano."

"Basi vuka."

"Nivuke?"

"Vuka, baba. Tangu Mei unanisubiri kwenye madaraja, mvua yako, upepo wako. Mimi nataka mtu wa kunisubiri nyumbani."

Wilf akasimama ukingoni mwa barabara, simu bado sikioni, anamtazama kama hajui kama amesikia sawasawa.

"Nyumba ipi, Rowena?"

"Yetu," akamwambia. "Tutaitafuta pamoja. Nioe, Wilf."

Alivuka taa ikiwa bado nyekundu. Dereva wa teksi akampigia honi na kumtukana vizuri, naye akamwomba radhi huku anakimbia, na kwenye simu, kabla hajafika ngazini, Rowena alikuwa ameshamsikia akisema ndiyo.