Boma la Miiba Ufukweni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kavata alishuka mtoni kuteka maji. Mto wenyewe, kama mito mingi ya upande wa Tulia, ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na maji ilibidi yafukuliwe. Aliondoa matawi ya miiba yaliyofunika shimo lao, akachota polepole mpaka mitungi ya punda ikajaa, kisha akayarudisha matawi na kuyabana vizuri. Siku ambayo ungesahau kufunika, mbuzi na nyani wangekumalizia maji na kukuachia kinyesi.

Msichana huyu wa miaka kumi na mitatu alikuwa na shingo ngumu, na wala hakuona haya kuwa nayo.

Shangazi yake Mbinya, mwalimu huko Emali, alizoea kwenda Tanzania kila likizo ya Agosti. Alijitolea katika kijiji kimoja cha pwani ambako watu huwalinda kasa, wale kobe wakubwa wa baharini. Mwaka huo aliomba kwenda na Kavata. Mkuu wa kambi alisita kumpokea mtoto, kisha akakubali kwa sharti: akivunja kanuni, yeye na shangazi yake warudi kwao siku hiyo hiyo.

Mjomba Musyimi, mzee wa kanisa, alisikia habari hiyo Jumapili baada ya ibada. Alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Asi! Kobe? Huku hata maji ya kunywa ni shida, na wewe unaenda kuchunga kobe ya watu! Wanakulipa ngapi?"

"Hawalipi, Mjomba. Ni kujitolea."

"Bure! Na kuogelea unajua?"

"Sijui."

"Utarudishwa kabla wiki iishe."

"Basi nirudishwe," Kavata alijibu mbele ya watu wote. "Lakini nitaenda."

Na kweli alienda. Mkuu wa kambi, Bi Riziki, alikuwa mama mpole wa sauti ya chini, lakini akisema neno limesemwa. Aliwaeleza wageni kwamba kasa hutaga mayai mchangani, akayafukia, akarudi baharini asiyaone tena. Kila aliyejitolea alipewa kiota kimoja cha kuangalia.

"Msiweke kitu chochote juu ya kiota," alisema Bi Riziki.

"Na mbwa wakija?" aliuliza Kavata.

"Tutawafukuza."

"Na tukiwa tumelala?"

"Mwanangu, fuata ulivyoambiwa."

Haikuchukua muda mbwa wakafukua kiota jirani. Kavata alikuta maganda yametapakaa, akalia kwa hasira. Bi Riziki alisema wataongeza doria, lakini doria haikumtosha Kavata. Hivi watu hawa hawakujua kufunika kitu? Jioni hiyo alikata matawi ya miiba kichakani, akayapanga juu ya kiota chake na kuyabana kama alivyofanya nyumbani. Hakumwambia mtu.

Alfajiri yeye na Shangazi Mbinya walikuwa wa kwanza kufika ufukweni. Miiba ilikuwa mahali pake na hakuna mbwa aliyegusa. Kavata alitabasamu. Kisha akaona matawi yakitikisika.

Mayai yalikuwa yameanguliwa usiku. Vitoto vya kasa, vidogo vya kutosha kiganjani, vilikuwa vimenaswa kwenye miiba vikipiga makasia hewani, na kunguru walikuwa wameanza kazi. Kavata alipiga magoti, akang'oa matawi kwa mikono mitupu. Vilivyokuwa hai vilikimbilia maji. Vingine havikusogea tena, na Kavata alivitazama huku machozi yakimtiririka.

Shangazi Mbinya aliyatupa matawi kichakani harakaharaka.

"Nyamaza kabisa, mwaitu, mama yangu," alinong'ona. "Tutasema ni kunguru. Ukisema ukweli tunafukuzwa leo, na mjomba wako atatucheka mpaka Krismasi."

"Kunguru hawakukata miiba, Shangazi. Ni mimi."

"Kavata! Mimi ndiye mkubwa hapa."

"Najua. Nitasema hata hivyo."

Kambini watu walikuwa wakinywa uji. Kavata alisimama katikati yao, mikono ikivuja damu.

"Kiota changu kimeharibika, na niliyekiharibu ni mimi. Nilifunika kwa miiba. Nilikatazwa, nikafanya."

"Kwa nini?" aliuliza Bi Riziki.

"Kwetu ndivyo tunavyolinda maji."

Bi Riziki aliitazama ile mikono. "Kwenu, mwanangu, maji hukaa shimoni yakikungoja. Hawa hawakungoji. Wana safari yao."

Maneno hayo yalimchoma Kavata kuliko miiba. Hata hivyo hakuinamisha kichwa.

"Mkinirudisha nitaenda," alisema. "Lakini viota vingine bado vipo, na mbwa ni wale wale. Miiba inawazuia, nimeona. Tuizungushe mbali na kiota, na upande wa bahari tuache wazi."

"Na mbwa akipita hapo palipo wazi?"

"Nitasimama mimi."

Mtu mmoja alicheka. Ndipo Shangazi Mbinya alipoinuka, uso umemshuka.

"Bi Riziki, mimi nilimwambia aseme ni kunguru. Alinikatalia."

Bi Riziki aliweka kikombe chake cha uji chini. "Ningewaamini," alisema. "Ningeshinda nikifukuza kunguru, na wiki ijayo mwingine angeweka miiba tena. Kavata, kwa kuwa umesema mwenyewe, sitawarudisha; ila kiota hutapewa kingine. Huo mlango wako utausimamia kila jioni, kabla doria ya usiku haijaanza, mpaka siku ya kuondoka. Na wewe Mwalimu Mbinya, utakuwa naye."

Walijenga boma la miiba siku hiyo hiyo kuzunguka viota vilivyobaki, pana, lenye mlango unaotazama maji. Jioni baada ya jioni Kavata alisimama pale na fimbo, akiumwa na mbu na kutaniwa na wenzake. Jioni moja ya mawingu, mchanga ulianza kucheza. Vitoto vya kasa vilichomoza kimoja baada ya kingine. Wakati huo huo mbwa mkubwa wa kahawia alikuja kando ya maji, akaelekea mlangoni.

Kavata hakuondoka. Alitanua miguu, akainua fimbo.

"Syoka!" alifoka kwa Kikamba. Rudi!

Mbwa alinguruma. Kavata alinguruma pia. Vitoto vya kasa vilipita katikati ya miguu yake mpaka cha mwisho kikaingia majini, na mbwa akaenda zake akinung'unika.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi Tulia, Mjomba Musyimi alimngoja kwenye chai. Kavata alimsimulia yote, hata habari za waliokufa.

"Hao waliokufa si ungewanyamazia tu?" Mjomba alishangaa. "Nani angejua?"

"Shemeji, mimi mwalimu mzima nilimwambia hivyo hivyo," alisema Shangazi Mbinya, kwa sauti iliyowafikia watoto wote waliokuwa pale. "Alikosea kuvunja kanuni, hata kama nia yake ilikuwa njema. Lakini kosa likisemwa wazi, watu hujua la kurekebisha. Tungelificha, kasa wengine wangekufa vilevile. Nyinyi watoto, mkikosea semeni, hata mkubwa akiwaambia mnyamaze."

Mjomba alikoroga chai yake, akamgeukia Kavata.

"Kwa hivyo Agosti ingine unaenda tena?"

"Naenda."

"Bure?"

"Bure, Mjomba," alisema Kavata. "Na safari hii nitajifunza kuogelea."