Aliyeishusha Iwe Moja

Dukani kwa Abdulnasir, sokoni Ifakara, ilibaki diski moja tu ya kompyuta, na Yosefina alipofika ilikuwa tayari mkononi mwa mtu. Kijana mwenyewe alivaa shati la bluu lililojaa vumbi la baiskeli, na alikuwa na macho ya mtu anayependa kucheka.

"Kaka, naomba hiyo. Seva zangu zinaumwa."

"Zako? Dada mwenye kitenge kizuri hivi ana seva?"

"Tena tatu. Kwani kitenge kinazuia nini?"

Kijana huyo, Dionisi, fundi wa kompyuta, alicheka akasalimu amri. Alimwachia diski kwa sharti moja: akazione hizo seva. Yosefina alitunza kumbukumbu katika kituo kimoja cha utafiti wa mpunga, na kila kipimo kilichotoka shambani kiliandikwa kwenye kompyuta hizo za kuhifadhia, zote tatu. Aliukuta mpangilio ukiwa hivyo, na hakuwahi kupata wa kumuuliza.

"Kwa nini tatu? Mbili hazitoshi?" aliuliza Yosefina walipofika kituoni.

"Mbili zikibishana, utaamini ipi? Zikiwa tatu, mbili zikikubaliana, unajua ya tatu ndiyo imekosea."

"Na hii namba mbili hapa chini kwenye skrini?"

"Hiyo ni idadi ndogo kabisa ya seva zinazotakiwa kuwa hai. Ikibaki moja, mfumo unakataa kuandika. Haukuonei, unakulinda. Kilichoandikwa mahali pamoja, pakifa hapo nacho kimekufa."

Yosefina alikuwa mdadisi tangu utoto, na hakuna mwanamume aliyewahi kumjibu maswali yake mpaka yakaisha. Baada ya wiki mbili akawa anampigia simu kumuuliza mambo aliyokwisha kuyajua.

"Leo swali gani, mama maswali?"

"Umekula?"

"Hilo gumu, mpenzi. Nije tulijibu pamoja."

Mwezi wa tano radi ikapiga, seva mbili zikazima. Siku hiyo wapimaji walikuwa Idete, wanahesabu masuke na kutuma hesabu kwa simu, kwa kuwa Jumamosi wakulima wangevuna. Mfumo ukakataa kupokea. Mkuu wa kituo, mzee Mabula, akasimama mlangoni akitaka takwimu zake.

Yosefina akampigia Dionisi. "Imenigomea!"

"Iache igome. Waambie waandike kwenye daftari. Usiishushe ile namba iwe moja, mpenzi wangu. Kesho naleta vifaa."

Alikata simu, akaishusha. Vipimo vikaingia, Mabula akamsifu. Kesho yake, Dionisi akiwa bado anafunga vifaa kwenye zile mbili, diski ya seva ya tatu ikafa. Vipimo vya misimu ya nyuma vilikuwa salama kwenye zile mbili. Vya Idete havikuwa popote, hata kwenye daftari.

"Nani ameishusha hii namba?" aliuliza Mabula.

Yosefina aliiogopea kazi yake. "Anayeijua mipangilio ni Dionisi, mzee," alisema, na maneno yalipomtoka alitamani kuyameza. Dionisi alimtazama kidogo tu, akakusanya bisibisi zake, akaondoka. Jioni Yosefina alipiga simu mara tisa, haikupokewa.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake haikuvuka hata siku moja. Ijumaa asubuhi alikuwa ofisini kwa Mabula. "Shikamoo, mzee. Niliyeishusha ni mimi. Dionisi nimemsingizia." Mabula alimkaripia mpaka akachoka, akampa barua ya onyo, kisha akamkumbusha kwamba kesho watu wanavuna.

Yosefina akapanda bodaboda hadi Idete, madaftari mawili kwapani. Katika shamba la kwanza alimkuta Dionisi, suruali imekunjwa magotini, anahesabu masuke peke yake.

"Nani amekutuma?" alimuuliza.

"Hakuna. Hili ni shamba la mama. Nimekukasirikia wewe, mpunga haujanikosea kitu."

"Nimemwambia Mabula ukweli."

Dionisi alimaliza kuhesabu suke alilolishika. "Uliniumiza, Yosefina."

"Najua. Nakupenda, na nikakutoa kafara nisifukuzwe kazi. Naona aibu hata kukutazama."

Dionisi alimpa ncha ya kamba ya kupimia, akamwambia aishike vizuri. Walipima shamba baada ya shamba, yeye anahesabu, Yosefina anaandika, mpaka jua likaegemea upande wa milima. Ndipo Dionisi akauliza, bila kuinua macho:

"Jumapili baba yako anakuwepo nyumbani Lumemo?"

"Yupo. Kwa nini?"

"Nataka kumtuma mjomba Sylvanus na barua ya posa. Bado inauma, lakini umekiri mwenyewe bila kukamatwa."

Alitaka kuitikia papo hapo, lakini mama yake Dionisi alikuwa anakuja na sufuria ya uji, na Yosefina aliona hawezi kuitikia posa ya mtu ambaye mama yake hajui lililotokea. Alimfuata, akapiga magoti kwenye tope na kitenge chake.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyemsingizia mwanao kazini."

Mama alimtazama juu mpaka chini.

"Marahaba," alisema. "Afadhali umesema kabla ya mahari. Haya, simama unywe uji, mwanangu."