Vikonyo vya Arobaini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Kipua alitoka bandani kwake na kuanza kunusa.

Alikuwa mashine ya miguu sita, kimo cha mbuzi mdogo, na mbele alikuwa na mrija mwembamba uliopinda kama mkonga. Alikwenda kutoka mchungwa hadi mchungwa kwenye mteremko wa Kwezinga, nje kidogo ya Muheza, akiuingiza mrija katikati ya majani na kuvuta hewa kwa sekunde tatu. Mti unaougua huanza kutoa harufu yake miezi mingi kabla majani hayajabadilika rangi. Pua ya mtu haiisikii harufu hiyo, lakini Kipua aliisikia. Mti ukiwa mzima, aliupita. Ukiwa mgonjwa, alisimama, akauchora shina duara jekundu, kisha akaendelea na safari yake. Duara jekundu maana yake ilikuwa siku saba. Baada ya hapo mti hung'olewa na kuchomwa.

Daktari Mwantumu Mhina alimfuata hatua chache nyuma. Yeye ndiye aliyekiongoza Kituo cha Utafiti wa Michungwa cha Kwezinga, na kwa kawaida aliandika idadi ya maduara. Asubuhi hiyo hakuandika. Akili yake ilikuwa kwenye kikao cha mchana.

Ugonjwa wenyewe watu waliuita kijani kaidi. Bakteria huingia kwenye mishipa ya mti na kuiziba taratibu, kama uchafu unavyoziba bomba. Majani huwa na mabaka ya manjano, chungwa hubaki dogo, limepinda upande mmoja, na chini yake halikubali kuiva hata likikaa mtini miezi sita. Ukilikata linanuka vibaya na ni chungu kama shubiri. Dawa haikuwepo. Magari ya kuning'inia kwenye nyaya yaliyokuwa yakipita juu ya vilima yakiwa yamejaa makreti ya machungwa sasa yalipita matupu, yakiyumba.

Mwantumu na wenzake waliamini wanamjua mkosaji. Ni chawa wa majani, mdudu mdogo kuliko punje ya mtama, anayefyonza mti mgonjwa kisha akaruka kwenda kufyonza mzima. Kwa miaka miwili walikuwa wameandika ombi moja kwa Mfuko wa Utafiti wa Mazao: wapewe fedha za kutengeneza vidungachawa, mashine elfu tatu za kuruka, kila moja ukubwa wa nzi, za kuwawinda chawa hao usiku na mchana. Leo saa nane wajumbe wa Mfuko wangekuja kusikiliza na kuamua. Wakikataa, kituo kingefungwa kabla ya mvua za vuli.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo halikumkaa sawa Mwantumu. Ugonjwa uliruka vilima. Leo ungeonekana Kwezinga, kesho ng'ambo ya mto, kwenye mti mmoja uliosimama peke yake nyuma ya nyumba ya mtu, mahali ambapo chawa asingefika hata angebebwa na upepo. Ndiyo maana wiki mbili nyuma alikuwa amepeleka majani ya miti yote iliyougua kwenye kisomaukoo.

Kisomaukoo ilikuwa mashine ya kusoma vinasaba vya mimea. Mchungwa wa shambani haupandwi kwa mbegu. Mkulima hukata kikonyo, yaani kijiti chenye macho ya kuchipua, kutoka kwenye mti anaoupenda, akakifunga kwenye shina la mlimau mpaka kikashika. Kwa hiyo mchungwa mpya ni ule ule wa zamani ukiendelea kuishi mahali pengine. Lakini kila mti, kadiri unavyozeeka, hujikusanyia makovu madogo kwenye vinasaba vyake, na kikonyo huondoka na makovu hayo. Kisomaukoo iliyasoma na kusema mti huu ni mtoto wa nani.

Saa nne mhandisi Rajabu Shekiondo alimwita kutoka mlangoni mwa maabara. Hakupaza sauti kama kawaida yake.

"Dada, njoo uone. Na ufunge mlango."

Kwenye kioo cha mashine ulikuwa umechorwa mti wa ukoo. Miti miwili kati ya kila mitatu iliyougua bondeni ilitoka kwa mama mmoja. Iliyobaki ilikuwa jirani na miti hiyo.

"Chawa amemalizia tu," alisema Rajabu. "Walioupeleka huko ni watu, kwa mikono yao. Sasa huyo mama yao mashine haimjui, hayumo kwenye ramani ya Kipua. Umri wake umekadiriwa miaka arobaini na kitu. Tunda tamu, maganda membamba..."

Mwantumu aliketi. Ramani ya njia za Kipua aliichora yeye mwenyewe, na kulikuwa na ua mmoja tu ambao hakuutia ndani. Alijiambia wakati ule kwamba ni mti mmoja, uani, umezungukwa na ukuta, hauna madhara.

"Ni mti wa mama," alisema.

Bi Chausiku, mama yake, alifariki miaka sita iliyopita. Kabla ya kufa aliomba jambo dogo: siku ya arobaini, kila atakayekuja apewe kikonyo cha mchungwa wake, ili asisahaulike. Mwantumu alipanda ngazi asubuhi ile na kukata vikonyo mwenyewe. Alivifunga kimoja kimoja kwenye kitambaa kibichi, akasimama getini akigawa huku akilia. Mti ulionekana una afya. Uliendelea kuzaa hadi leo. Watu waliona ni jambo zuri, nao wakaanza kufanya hivyo kwenye misiba yao, mpaka ikawa ndiyo desturi ya bonde.

Na yeye ndiye aliyezunguka na semina vijiji vyote akiwauliza wakulima, "Vikonyo mmenunua wapi?" Walimjibu kwa haki kabisa kwamba hawajanunua popote. Hakuna aliyedanganya. Kikonyo cha msiba hakikuhesabiwa kuwa kikonyo. Hata yeye, daktari, hakukihesabu.

"Kuna miti inaugua bila kuonyesha," alisema taratibu. "Inabeba tu. Ule umebeba labda tangu mama yuko hai."

Rajabu alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Sikiliza, dada yangu. Ombi letu ni la kuua chawa. Ukisimama pale useme ugonjwa umepelekwa na watu, vidungachawa vimekufa. Vijana wote hapa wanarudi kwao. Tuandike chanzo kinaendelea kuchunguzwa. Ni kweli pia, siyo uongo. Fedha zikiingia, hilo lingine tutalishughulikia kimya kimya."

"Na wiki hii? Kuna arobaini ngapi wiki hii, Rajabu?"

Rajabu aligeukia kioo.

"Tukinyamaza watapewa vikonyo. Mashine elfu tatu zitakuwa zinaruka juu ya vichwa vyao, na wao wamebeba ugonjwa kwenye vikapu."

"Watasema mama yako ndiye aliyewaulia miti yao."

"Mama alikuwa kaburini. Aliyekata ni mimi."

Saa nane ukumbi ulijaa. Wakulima walikuwa wamekuja na machungwa yao yaliyopinda, wakayapanga mezani ili wajumbe wayaone. Mwenyekiti wa wajumbe, Bi Anande Kileo, alikuwa mwanamke mwembamba aliyezungumza kwa sauti ya chini, na kila alipozungumza watu walilazimika kunyamaza.

Mwantumu alikuwa ameandaa picha ishirini. Alionyesha moja tu, ule mti wa ukoo. Alieleza kisomaukoo inavyofanya kazi, akaeleza kuhusu makovu, kisha akasema huo mti mama uko wapi. Aliposema neno arobaini, ukumbi uliguna wote kwa pamoja.

Mtu mmoja nyuma alisimama. "Kwa hiyo, Daktari, sisi tuliokuja kula pilau yenu ndio tuliorudi na msiba mwingine mfukoni?"

Wachache walicheka. Mwanamke mmoja hakucheka. "Mimi mti niliopanda uani ndio wa marehemu mwanangu," alisema. "Usiniambie ni ugonjwa. Usiniambie."

Bi Anande alingoja mpaka kukatulia. "Daktari, unafahamu kwamba umelibomoa ombi lako mwenyewe?"

"Nafahamu."

"Fedha za vidungachawa hatutatoa." Alifunga jalada lililokuwa mbele yake. "Lakini mti uliougua miaka mingi na bado unazaa, huo sijawahi kuuona. Ndani yake kuna kitu kinachoshindana na bakteria. Hicho tunaweza kukilipia utafiti. Ila siwezi kuwaombea fedha wakati bonde linaendelea kuugua. Siku tisini. Niletee mnyororo mzima, kila mti uliotokana na ule, uwe umeng'olewa. Ukibaki mmoja nje, msinipigie simu."

"Na ule wa mama?"

"Kipande kidogo kiingie kwenye chupa, ndani ya maabara iliyofungwa. Kwa uliobaki, sheria unaijua. Uliiandika wewe."

Kesho yake asubuhi Mwantumu alimfungulia Kipua geti la nyumbani kwao kwa mara ya kwanza. Kipua aliukaribia mchungwa, akaingiza mrija, akanusa. Sekunde tatu zilipita. Mwantumu alijikuta akiomba akosee, aupite. Kipua alichora duara. Mwantumu alikata kipande cha kutia chupani, na bila kungoja siku saba msumeno ulifanya kazi kwa dakika nane, na ua ukabaki na mwanga mwingi ambao haukuwahi kuwapo, ukifika mpaka kwenye kizingiti alipokuwa akikaa mama.

Kisha aliingia ndani, akatoa daftari. Lilikuwa daftari la msiba, lenye majina ya wote waliokuja, aliloliandika ili awashukuru na asimsahau hata mmoja. Kila jina lilikuwa na kijiji chake. Asingekuwa mtu wa kuandika, mnyororo usingepatikana kamwe.

Jina la kwanza lilikuwa la Mzee Mbelwa, mtani wa ukoo wao. Siku ile ya arobaini alikuwa amenyakua vikonyo viwili badala ya kimoja, akisema marehemu alikuwa na deni lake la utani. Mwantumu na Kipua walimkuta ameketi kibarazani akisuka mkeka. Nyuma ya nyumba miti miwili ilionekana, majani yake yameanza mabaka.

"Ehee! Wameshafika," alisema bila kuinua kichwa. "Nilijua tu. Ukoo wenu haujawahi kutoa kitu msirudi kukidai. Na huyo mbuzi wa chuma ndiye mwanasheria?"

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Sikupi."

"Umesikia ya jana."

"Nimesikia. Bonde zima limesikia." Aliweka mkeka chini. Utani ulimtoka usoni taratibu. "Unajua mke wangu Mwanahawa alikuwa akichambua mchele chini ya ule wa kushoto? Mpaka wiki ile ya mwisho. Hakuweza kusimama, tukawa tunambeba tunamweka pale. Akisema kivuli cha Chausiku ni kizuri."

Kipua alisogea kuelekea mitini, mrija wake umeinuka.

"Mzuie huyo," Mzee Mbelwa alisema. "Asiuchore. Shoka ninalo, nitakata mwenyewe. Rangi asinitie."

Mwantumu aligusa kitufe, Kipua akasimama palepale, mguu mmoja ukiwa hewani.

Mzee aliinuka, lakini hakuelekea kwenye shoka. Alisimama mlangoni na mkono kwenye fremu, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu au anayetamani kukisahau.

"Mwanahawa naye tulimfanyia arobaini," alisema. "Miaka mitatu sasa. Nikasema nifanye kama mlivyofanya kwenu, ilikuwa imenipendeza sana. Nilikata vikonyo hapohapo kwenye ule wa kushoto."

"Uligawa vingapi, mtani?"

"Sijui. Watu walikuwa wengi. Ila nilimwambia mjukuu aandike, kama ulivyoandika wewe."

Aliingia ndani. Walimsikia akifungua sanduku, akisogeza vitu. Alipotoka alikuwa ameshika daftari la shule lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akalifuta vumbi kwa kiganja ingawa halikuwa na vumbi, akampa Mwantumu kwa mikono miwili.

Mwantumu alilifungua. Mwandiko ulikuwa wa mtoto, mkubwa na wa uangalifu. Jina la kwanza lilikuwa la Bi Hidaya wa Kwemtonto. Mwantumu alimfahamu vizuri. Alihudhuria arobaini yake mwaka jana. Watu walipokuwa wakiondoka, watoto wa marehemu walisimama getini na kikapu, wakimpa kila mtu kikonyo cha mchungwa wa mama yao kilichofungwa kwenye kitambaa kibichi, na yeye alikipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akaenda nacho.